Kupima, Kuzuia na Kusafisha Uchafuzi wa Udongo Bandarini: Mwongozo Kamili

Tope jeusi la chini ya mikoko, lile linalonuka yai viza, halina shida likibaki majini. Shida huanza siku mtambo unapolitoa na kulimwaga nchi kavu ili kupandisha uwanja wa makontena. Ndani yake mna pairiti, madini ya chuma na salfa, na tope likikauka, hewa huigeuza pairiti hiyo kuwa asidi ya salfuriki. Mvua za kwanza zikinyesha, maji yanayochuruzika kutoka kwenye kifusi huwa mekundu kama kutu, nyasi hazioti, na zege la mitaro huanza kuliwa. Hakuna mtu aliyemwaga kemikali hapo.

Mwongozo huu ni wa bandari za pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam na Mtwara. Utawafaa maofisa mazingira wa makandarasi na halmashauri, wasimamizi wa yadi za makontena, na pia kamati za BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe) na viongozi wa mitaa inayopakana na bandari. Katika tathmini nyingi za athari kwa mazingira hewa na maji hupewa kurasa kadhaa na udongo aya moja. Ni kosa, kwa sababu hewa hupeperushwa na maji hutiririka, lakini metali ya risasi iliyoingia ardhini mwaka huu wajukuu wataikuta palepale.

Hatua ya 1: Jua eneo lilitumikaje zamani

Kabla ya kushika sepetu, tafuta ramani za zamani, picha za setilaiti za miaka iliyopita na wazee wa mtaa. Weka alama kwenye ramani: palipokuwa na gereji, kituo cha mafuta, transfoma, jalala, uwanja wa vyuma chakavu, chelezo au sehemu ya kukwangulia meli, ghala la mbolea au viuatilifu, na reli. Transfoma za zamani ziulizwe peke yake, kwa kuwa mafuta yake huenda yakawa na PCB, kemikali ya sumu isiyooza upesi. Weka alama pia penye kifusi kilicholetwa kutoka kwingine. Maeneo ya bandari yamejazwa mara nyingi, na kifusi hicho chenyewe huweza kuwa ndicho chanzo.

Kwa kila alama jibu mambo matatu: nini kingeweza kumwagika, kingepita wapi (mtaro, mchanga, maji ya chini ya ardhi, vumbi), na nani angekipata (mfanyakazi, mtoto, kisima, kaa na chaza). Alama isiyo na njia ya kumfikia mtu wala kiumbe isikumalizie bajeti.

Hatua ya 2: Pima kabla tingatinga halijafika

Hatua hii ndiyo hurukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kesi. Pasipo vipimo vya kabla ya mradi, kila upande utadai uchafu ulikuwepo tangu zamani.

Mombasa wanajua gharama ya kuchelewa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu katika kitongoji cha Owino Uhuru hakikuwa gati wala bohari, lakini kilichowapata wakazi, yaani sumu ya risasi, kinahusu kila eneo la viwanda linalozunguka bandari. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini humo iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Pamoja na fidia, iliagiza udongo na maji visafishwe ndani ya siku 120, la sivyo zilipwe Sh700 milioni za kugharimia kazi hiyo. Rufaa zikafuata hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa uamuzi wake Desemba 2024. Linganisha miaka hiyo na wiki mbili za kuchukua sampuli.

Idadi ya sampuli usiikisie. Amua kwanza doa la uchafu unaloogopa kulikosa lina upana gani. Ukipanga vituo kwa miraba, umbali kati ya kituo na kituo ni nusu ya upana wa doa ukigawanya kwa 0.59, hapo una uhakika wa asilimia 95 wa kuligusa doa la duara. Doa la mita 20 lina nusu ya mita 10, kwa hiyo umbali ni mita 17, na hekta moja itahitaji vituo kama 35. Pesa zikiwa chache, weka miraba mikubwa kwenye eneo lisiloshukiwa na ongeza vituo kwenye alama za hatua ya kwanza. Usichukue vituo vitano kwenye hekta kumi kisha ukaandika kwamba eneo ni safi.

Chukua pia angalau vituo vitano nje ya eneo, upande ambao upepo na maji hutokea, kwenye udongo wa aina ileile. Hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha kiwango cha asili.

Hatua ya 3: Chukua sampuli ambazo maabara na mahakama zitazikubali

Vifaa ni oga ya mkono (kekee ya kutobolea udongo) au sepetu ya chuma kisicho na rangi, beseni la chuma kisichoshika kutu, glavu za kutupwa, chupa za kioo zenye kifuniko chenye utando wa tefloni, mifuko safi ya plastiki kwa ajili ya metali, sanduku la barafu, GPS na fomu ya makabidhiano.

Kwenye kila kituo chukua sentimita 0 hadi 10, kisha kwenye sentimita 30, kisha mita 1, na mwisho juu kidogo ya usawa wa maji ya ardhini. Kina cha juu huonyesha vumbi na kile mtoto anachoweza kukila, kile cha chini huonyesha kilichozama. Mafuta ya petroli na dizeli huteremka kwenye mchanga hadi yakutane na maji, hapo hutandaa. Ukipima juu tu utaona udongo msafi uliolalia bwawa la dizeli.

Sampuli za petroli na viyeyusho usizichanganye wala kuzikoroga, kwa sababu zinapotea hewani mkononi mwako. Jaza chupa hadi mdomoni, funga, weka kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Sampuli za mafuta na PAH (kemikali za sumu za mafuta na masizi) zianze kushughulikiwa maabara ndani ya siku 14, zebaki ndani ya siku 28. Metali nyingine husubiri hadi miezi sita. Kati ya kituo na kituo osha oga kwa sabuni isiyo na fosfeti na suuza mara tatu kwa maji yaliyochujwa. Kwa kila sampuli 10 chukua moja pacha, na peleka chupa moja tupu iliyosafiri nayo safari nzima. Chupa hiyo ikirudi na petroli, tatizo liko kwenye gari lako. Makosa ya kawaida hapa yanachekesha kidogo: sanduku la barafu lililowahi kubeba dumu la dizeli, na glavu zilizoshika pampu ya jenereta.

Omba maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo) ipime haya: pH (kipimo cha asidi), chumvi (upitishaji umeme), risasi, shaba, zinki, kadimiamu, kromiamu, nikeli, aseniki, zebaki, jumla ya haidrokaboni za petroli na PAH. Ongeza PCB penye transfoma, tributiltini (sumu ya rangi za zamani za meli) penye chelezo, viuatilifu penye ghala. Tanzania ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Anza nazo, kisha linganisha na vituo vyako vya nje. Kwa risasi kwenye makazi, ukihitaji kipimo cha kujilinganisha, shirika la mazingira la Marekani lilishusha kiwango chake cha uchunguzi Januari 2024 kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200.

Hatua ya 4: Tope la kuongeza kina

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu kazi za kuongeza kina zimefanyika Dar es Salaam, Tanga na Lamu, na kila mita ya kina ni milima ya mchanga na tope inayotafuta pa kwenda.

Hatari ni tatu: asidi, chumvi, na uchafu wa zamani uliolala chini ya gati.

Asidi ipime shambani kwanza. Toboa hadi kina kitakachochimbwa na jumlisha mita moja, ukipima kila robo mita. Weka nusu kijiko cha tope kwenye bilauri ya kioo kinachostahimili joto, koroga na maji yaliyochujwa, soma pH. Kwenye bilauri ya pili weka tope jingine la kina hichohicho, ongeza mililita chache za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 ambayo pH yake umeirekebisha iwe kati ya 4.5 na 5.5. Fanya hivyo nje, umevaa miwani na glavu, uso mbali na bilauri. Mchanganyiko huweza kuchemka na kutoa mvuke. Subiri upoe, soma pH.

pH ya kwanza ikiwa 4 au chini, tope limeshageuka asidi. Ikiwa ya kwanza ni ya kawaida lakini ya pili imeanguka chini ya 3, na imepungua kwa zaidi ya 1, na mchemko ulikuwa mkali, tope hilo linasubiri kukauka tu. Mchemko peke yake si ushahidi, kwani mizizi iliyooza nayo hutoa povu. Vilevile usidanganywe na makombe. Tope la pwani yetu limejaa vipande vya kome na matumbawe, ambavyo ni chokaa ya asili, na mtu husema vitajipoza vyenyewe. Vipande vikubwa hupata gamba la jasi na kutu, vikaacha kufanya kazi huku asidi ikiendelea kuzaliwa. Chokaa inayosaidia ni ile laini kama unga.

Sampuli zilizoshukiwa zipelekwe maabara zikipoa au zikiwa zimegandishwa, hewa imetolewa mfukoni, ili hewa isiigeuze pairiti kuwa asidi njiani. Maabara itakupa asilimia ya salfa ya pairiti. Hesabu ya chokaa ni hii: kila asilimia 1 ya salfa huhitaji kilo 31.2 za kalsiamu kaboneti safi kwa tani ya tope kavu, kisha zidisha kwa 1.5 kwa usalama, kisha gawanya kwa usafi wa chokaa yako.

Mfano: salfa ni asilimia 0.5. Nusu ya 31.2 ni 15.6, mara 1.5 ni kilo 23.4 kwa tani. Meta moja ya ujazo yenye tani 1.3 za tope kavu itataka kilo 30.4. Chokaa ya usafi wa asilimia 85 itapandisha hesabu hadi karibu kilo 36. Kwa meta za ujazo 1,000 andaa tani 36, na ziwe zimefika kabla uchimbaji haujaanza.

Nunua chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Chokaa ya tanuri ni kitu kingine: hupandisha pH hadi 12, huunguza mikono, na ikichuruzika baharini huua vifaranga vya samaki. Tandaza tope kwa tabaka la sentimita 20 hadi 30, mwaga chokaa, lima kwa haro au rotaveta hadi rangi iwe moja, pima pH tena, ndipo uweke tabaka jingine. Kumwaga chokaa juu ya lundo la mita tatu ni kupaka lundo rangi nyeupe.

Njia iliyo bora kuliko chokaa ni kutochimba penye pairiti, au kulirudisha tope chini ya maji siku hiyohiyo kabla halijakauka. Utupaji baharini una masharti yake chini ya Itifaki ya London ya 1996 na vibali vya mamlaka za mazingira, NEMA ya Kenya au NEMC ya Tanzania. Tope lenye tributiltini au metali nyingi halikubaliki kirahisi, kwa hiyo lipime kabla ya kuomba.

Chumvi nayo huharibu kimyakimya. Jengea uwanja wa kumwagia tope tuta la kuzunguka, na mtaro wa nje wa kukusanya maji yanayopenya. Upande wa visima toboa mabomba ya uchunguzi angalau matatu, moja juu ya mkondo na mawili chini, na pima chumvi kila wiki mtambo ukiwa kazini. Udongo wa mashamba ukivuka dS/m 4 (kipimo cha chumvi kwa upitishaji umeme) kwenye maji ya tope lililoloweshwa, mazao mengi huanza kudumaa. Minazi itavumilia kidogo. Mchicha na maharage havitasubiri.

Hatua ya 5: Shehena kichele (isiyofungwa kwenye mifuko wala makontena)

Bandari ya Dar es Salaam hupitisha salfa ya migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, na wakulima wa korosho wa Mtwara wanaijua salfa kwa kuwa huipulizia dhidi ya ubwiri unga. Ni unga wa manjano unaoonekana hauna neno. Ukiingia kwenye udongo, bakteria huugeuza kuwa asidi ya salfuriki, na hesabu ni ileile: kilo 50 zilizofagiwa mtaroni zitataka kilo 156 za kalsiamu kaboneti safi.

Zuia mwanya kati ya meli na gati kwa turubai imara. Teremsha ndoo ya krini hadi karibu kabisa na faneli kabla ya kuifungua. Funika malori kabla hayajaondoka gatini, na fagia kila baada ya zamu, si kila baada ya meli. Salfa nyunyizia maji ya ukungu na tumia makoleo ya plastiki au mbao. Vumbi lake hushika moto kwa cheche, na moshi wake unasonga. Klinka (malighafi ya saruji), makaa ya mawe na mbolea zina taratibu zilezile za kufunika na kufagia, ila mbolea usiioshe kwa maji kwenda mtaroni hata siku moja.

Chelezo zina sumu yao. Rangi za zamani za chini ya meli zilikuwa na tributiltini, iliyopigwa marufuku kimataifa tangu Septemba 2008, lakini tabaka za ndani za vyombo vikuukuu bado zinayo, na rangi za leo zina shaba na zinki. Tandika turubai chini ya chombo chote, kusanya makwangu kila jioni kwenye mapipa yenye mfuniko, na usipulize mchanga wa kukwangulia siku ya upepo.

Hatua ya 6: Mafuta na oili chafu

Mafuta mengi ya ardhini bandarini hutoka kwenye matone ya kila siku: bomba la haidroliki la foklifti, pampu ya jenereta, pipa lisilo na kifuniko, na malori yanayosubiri zamu kando ya barabara huku utingo akimwaga oili chafu kwenye mchanga. Yadi ikitenga sehemu moja yenye sakafu ya zege na pipa la oili chafu, bila kutoza, madereva wataitumia. Wakitozwa, watarudi mchangani.

Kila tangi na kila kundi la mapipa liwe ndani ya ukuta wa kuzingira. Ujazo wake uwe asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote, au asilimia 25 ya jumla, chukua kilicho kikubwa. Tangi moja la lita 10,000 linahitaji lita 11,000. Mapipa 10 ya lita 200 yana jumla ya lita 2,000: asilimia 110 ya pipa moja ni 220, robo ya jumla ni 500, kwa hiyo jenga lita 500. Koki ya kutolea maji ya mvua ibaki imefungwa, ufunguo kwa mtu mmoja. Kuta nyingi nzuri hazizuii chochote kwa sababu koki iliachwa wazi tangu masika yaliyopita.

Oili chafu ya meli ikishushwa chini ya taratibu za MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa meli, fuata gari hadi mwisho wa safari: lita zilizoshuka, lita zilizofika, sahihi mbili. Tofauti ya tarakimu hizo imelala kwenye udongo wa mahali fulani.

Hatua ya 7: Mafuta yakimwagika

1. Zima vyanzo vya moto, funga valvu, simamisha pipa.
2. Ziba mtaro kwa mifuko ya mchanga kabla ya kugusa bwawa lenyewe.
3. Nyonya mafuta yaliyo juu kwa pampu isiyotoa cheche, kisha tandaza maranda au pedi za kunyonyea.
4. Chimba udongo uliolowa siku hiyohiyo, weka juu ya shiti nene la plastiki, funika.
5. Chukua sampuli za kuta nne na sakafu ya shimo kabla ya kufukia.

Usimwagie sabuni. Sabuni huyasukuma mafuta chini na kuyapa njia ya kwenda kisimani. Kufunika kwa mchanga mpya pia ni kuficha tu.

Hatua ya 8: Kusafisha

Udongo wenye dizeli unaweza kutibiwa palepale kwa bakteria wake wenyewe. Tandaza kwa unene wa sentimita 30 juu ya shiti la plastiki lenye tuta pembeni, lima mara moja kwa wiki, uwe na unyevu kama wa shamba siku mbili baada ya mvua, na lisha nitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa kaboni 100, nitrojeni 10, fosforasi 1.

Meta 10 za ujazo zenye tani 16 na miligramu 10,000 za mafuta kwa kilo zina kilo 160 za mafuta, takribani kilo 136 za kaboni. Zitataka kilo 13.6 za nitrojeni, yaani kilo 30 za urea, na kilo 1.4 za fosforasi, kama kilo 7 za mbolea ya TSP. Gawa mara nne kwa wiki nne. Ukimwaga zote kwa mkupuo chumvi yake itawaua bakteria uliowalisha. Udongo uliolowa maji ya bahari hufanya kazi polepole, usuuze kwanza na uyakusanye maji hayo. Pima kila mwezi. Mafuta mazito ya injini za meli huchukua muda mrefu zaidi, na mengine hayaishi.

Metali haziozi, hata ulime miaka kumi. Penye risasi au kadimiamu kuna njia mbili za kweli: kuchimba na kupeleka kwenye dampo lenye kibali cha taka hatarishi, au kufunika kwa kitambaa cha alama na nusu mita ya udongo safi ulioshindiliwa, kisha kuandika zuio kwenye hati ya eneo ili asije mtu akachimba msingi wa nyumba. Wakati wa kazi lowesha udongo, kamwe usifagie ukiwa mkavu, na wafanyakazi waache nguo na viatu getini. Vumbi la risasi lililobebwa na ovaroli hufika kitandani kwa mtoto.

Ukimaliza, rudi kwenye vituo vilevile vya hatua ya 2, kwa GPS ileile na kina kilekile, na upime tena baada ya masika mawili.